Maswali ya Wasomaji: Je, Wamarekani Wameichoka Besiboli?

Safu hii hujibu maswali ya michezo yanayotumwa na wasomaji wetu. Tangu msimu uliopita tumepokea barua nyingi kuhusu besiboli ya kulipwa ya Marekani, hasa kutoka kwa wasomaji wanaoishi huko, na tumechagua tatu zinazokamilishana.

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaishi Columbus, Ohio. Kazini kwangu wazee wa Kimarekani husema kila siku kwamba besiboli imekufa, kwamba vijana hawaitaki tena, na kwamba pesa zimeiharibu. Hata hivyo, kila ninapokwenda Cleveland au Cincinnati jioni ya mechi wakati wa kiangazi, naona familia nzima nzima zimevaa jezi zikielekea uwanjani. Nishike lipi, maneno yao au ninayoyaona?

JIBU: Ndugu msomaji, wazee hao hawasemi bila ushahidi, na wewe pia hujaona vibaya. Kinachochanganya ni kwamba maoni ya watu kuhusu mchezo huu hupimwa kwa namna mbili tofauti kabisa, kisha majibu hutangazwa kana kwamba ni ya swali moja.

Shirika la Gallup, ambalo limekusanya maoni ya Wamarekani kwa miongo mingi, huwauliza watu ni mchezo gani wanaopenda zaidi kuutazama. Mwaka 1948 asilimia 39 waliitaja besiboli, na asilimia 17 tu wakaitaja futiboli ya Kimarekani. Kufikia mwaka 1972 futiboli ilikuwa imekwisha kuipita, na tangu hapo haijarudi nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2023 futiboli ilitajwa na asilimia 41, besiboli na asilimia 10. Anayesoma takwimu hizo peke yake ana haki ya kudhani kwamba mchezo umebaki jina.

Tatizo ni kwamba swali hilo humtaka mtu ataje mchezo mmoja tu. Baba anayewapeleka wanawe uwanjani kila majira ya joto na kusikiliza mechi redioni akiendesha gari, ikiwa atajibu kwamba anachokipenda zaidi kukitazama ni futiboli, basi mapenzi yake kwa besiboli hayaonekani popote katika hesabu. Tena michezo hii miwili haifanani kwa ratiba. Katika ligi kuu ya futiboli kila timu hucheza mechi 17 za msimu wa kawaida, nyingi zikiwa Jumapili, na kila mechi ni tukio la taifa. Katika besiboli timu 30 hucheza mechi 162 kila moja, karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Mchezo wa namna hiyo hupendwa kwa mji, si kwa taifa, kwa kuwa shabiki wa Cleveland huijua timu yake mchezaji kwa mchezaji lakini hana sababu ya kukesha akiitazama San Diego ikicheza na Colorado. Fainali ya besiboli ni mfululizo wa mechi, na ile ya mwaka 1978, kati ya New York Yankees na Los Angeles Dodgers, ilitazamwa na wastani wa watu milioni 44 kwa kila mechi, ilhali ile ya mwaka 2023, kati ya Texas Rangers na Arizona Diamondbacks, ilipata milioni 9 hivi, idadi ndogo kuliko zote zilizotangulia. Lakini mwaka huohuo wa 2023 watu zaidi ya milioni 70 waliingia viwanjani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 2017. Nasikitika kwamba waandishi wanaotangaza kifo cha besiboli mara chache huziweka takwimu hizo mbili katika makala moja.

Sasa tuangalie kile ambacho watu walikuwa wakikilalamikia kweli. Kwa miaka mingi lalamiko kubwa lilikuwa kwamba mechi zimerefuka bila sababu. Mwaka 2021 mechi ya kawaida ilichukua wastani wa saa tatu na dakika kumi, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna lililotokea, kwani mtupaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, alizunguka zunguka kwenye kilima anachosimamia na mpigaji akatoka nje ya eneo lake kurekebisha glavu, kisha wote wawili wakaanza upya. Mwaka 2023 ligi iliweka saa uwanjani, ambapo mtupaji alipewa sekunde 15 kurusha mpira ikiwa hakuna mkimbiaji wa timu inayopiga kwenye kituo, yaani alama ya ardhini anayoikimbilia, na sekunde 20 ikiwa yupo. Mpigaji naye hutakiwa awe tayari, macho kwa mtupaji, kabla saa haijashuka chini ya sekunde nane, la sivyo huhesabiwa kosa kana kwamba amepiga akakosa. Wastani wa mechi ulishuka hadi saa mbili na dakika arobaini katika msimu huo wa kwanza. Vituo viliongezwa upana kutoka inchi 15 hadi 18, mtupaji akawekewa mpaka wa mara anazoweza kumzuia mkimbiaji, na idadi ya vituo vilivyoibwa, yaani mkimbiaji kuchomoka kwenda kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, ikapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023.

Wengi wa wapenzi wa zamani waliogopa kwamba saa ingeua utulivu wa mchezo, na hofu yao ilikuwa ya kweli kwa sababu besiboli ilijivunia kuwa mchezo usio na saa. Hata hivyo msimu haukufika mbali kabla malalamiko hayajapungua sana. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko kura yoyote ya maoni, kwa sababu unaonyesha kwamba kilichowachosha watu kilikuwa kungoja, na mchezo wenyewe walikuwa bado wanautaka.

Hasira iliyobaki haiuhusu mchezo, bali wanaoumiliki, na hakuna mahali ilipoonekana wazi kama Oakland, California. Timu ya Athletics ilihamia huko mwaka 1968 ikitokea Kansas City. Mmiliki wake, John Fisher, alipoamua kuipeleka Las Vegas baada ya kupunguza matumizi na kuwaachia wachezaji wazuri waende kwingine, viwanja vilibaki vitupu, na utupu huo ukatumika kama hoja kwamba Oakland haina mashabiki. Tarehe 13 Juni 2023 mashabiki walijibu hoja hiyo kwa kugeuza mgomo juu chini, wakakubaliana kujaa uwanjani siku moja ya katikati ya wiki. Walikuja 27,759, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno la kumtaka mwenye timu aiuze. Katika awamu ya tano walisimama kimya mpigaji wa kwanza alipoingia, kisha uwanja mzima ukalipuka kwa sauti moja: «Uza timu!» Athletics ilishinda 2 kwa 1 dhidi ya Tampa Bay. Haikusaidia. Tarehe 26 Septemba 2024 ilicheza mechi yake ya mwisho Oakland mbele ya watu zaidi ya 46,000, na msimu uliofuata ikahamia kwa muda katika uwanja mdogo wa West Sacramento, ambao kawaida hutumiwa na timu ya daraja la chini, ikingoja uwanja mpya wa Las Vegas. Watu wa Oakland walikuwa wamekwisha kuipoteza timu ya futiboli na ya mpira wa kikapu, na sioni namna ya kuwaambia kwamba walishindwa kuipenda hii ya tatu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, wazee wa kazini kwako wakisema besiboli imekufa, waulize wanasema kuhusu mchezo au kuhusu wenye timu. Naamini utapata mazungumzo marefu zaidi.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, hapa Uganda vijana wetu wanaucheza mchezo huu na wengine wanaota kufika Marekani. Nimesikia kwamba Wamarekani Weusi wenyewe wameuacha. Ni kweli, na kwa nini? — Msomaji, Kampala.

JIBU: Ni kweli kwa sehemu kubwa, na ni jambo linalowaumiza wengi. Jackie Robinson aliingia ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947, akaivunja miiko iliyokuwa imewafungia nje wachezaji Weusi. Josh Gibson, mpigaji mkubwa wa ligi za watu Weusi, alifariki Januari mwaka huohuo bila kupewa nafasi hiyo; ni mwaka 2024 tu ndipo takwimu za ligi hizo zilipoingizwa rasmi katika kumbukumbu za ligi kuu, na wastani wake wa upigaji wa .372, yaani mapigo 372 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio 1,000, ukawa wa kwanza katika historia nzima, juu ya ule wa Ty Cobb aliyekuwa akishikilia nafasi hiyo.

Mwaka 1981 Wamarekani Weusi walikuwa karibu asilimia 19 ya wachezaji wa ligi kuu. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 6 hivi. Fainali ya mwaka 2022, kati ya Houston na Philadelphia, haikuwa na mchezaji Mweusi aliyezaliwa Marekani katika vikosi vyote viwili, hali ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka 1950, na kocha wa Houston, Dusty Baker, ambaye mwenyewe ni Mmarekani Mweusi, aliizungumzia hadharani kwa masikitiko.

Wako wanaosema kwamba vijana hao wanapenda tu kasi ya mpira wa kikapu. Naona maelezo hayo ni mepesi mno. Kipaji cha besiboli siku hizi hutafutwa katika timu za watoto zinazosafiri jimbo hadi jimbo, na mzazi ndiye anayelipa ada, hoteli, vifaa na mwalimu wa faragha. Chuo kikuu cha daraja la juu kwa miaka mingi kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili wa nafasi 11.7 tu kwa timu nzima ya besiboli, huku futiboli ikiwa na 85. Anayesajiliwa naye hupitia miaka kadhaa katika madaraja ya chini, ambako hadi mwaka 2022 mchezaji aliyebakisha hatua moja tu kufika ligi kuu alilipwa dola 17,500 hivi kwa mwaka. Kwa mkataba wa mwaka 2023, baada ya wachezaji hao kujiunga na chama cha wachezaji, kiwango hicho kilipanda hadi dola 35,800. Kijana wa familia isiyo na akiba akipima njia hiyo na ile ya kikapu, hatuwezi kumlaumu akichagua ya pili.

Kuhusu vijana wa kwenu, mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Kampala kufuzu na kunyimwa viza. Walipata ushindi mmoja, 3 kwa 2, dhidi ya timu ya Oregon. Njia yao ni ngumu, lakini imekwisha kufunguliwa.

SWALI: Nimesoma kwamba mchezaji wa besiboli Shohei Ohtani alisaini mkataba wa dola milioni 700, na mwenzake Juan Soto milioni 765. Kwa nini Wamarekani hawaweki ukomo wa mishahara kama katika futiboli yao? Na wananchi humlaumu nani, mchezaji au mwenye timu? — Msomaji, Arusha.

JIBU: Wenye timu wengi wangeutaka ukomo huo, chama cha wachezaji kimeukataa kwa miongo kadhaa, na ni suala hilo lililosababisha mgomo ulioanza tarehe 12 Agosti 1994. Mwezi mmoja baadaye fainali ya mwaka huo ilifutwa, jambo ambalo hata vita viwili vya dunia havikulifanya. Montreal Expos, iliyokuwa inaongoza ligi nzima kwa kushinda mechi 74 na kupoteza 40, haikupata tena nafasi kama hiyo, na mwaka 2005 ilihamishiwa Washington. Mchezo uliporudi mwaka 1995, wastani wa watazamaji viwanjani ulikuwa umeshuka kwa takriban moja ya tano. Wananchi wakati huo waliwalaumu wote kwa pamoja, wakiuita ugomvi wa mamilionea na mabilionea.

Lawama ya leo imegawanyika zaidi. Dodgers walitwaa ubingwa mwaka 2024 na 2025, wakawa wa kwanza kuutetea tangu Yankees wa mwaka 1998 hadi 2000, na katika miji kama Pittsburgh, ambako ubingwa wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1979, watu wengi huamini kwamba mashindano yamenunuliwa. Uchungu wao naufahamu na nauheshimu. Lakini ligi tayari hutoza kodi timu zinazovuka kiwango fulani cha mishahara, nacho kilikuwa dola milioni 241 mwaka 2025, na timu hugawana sehemu kubwa ya mapato yao ya nyumbani. Kwa maoni yangu, shabiki wa Pittsburgh ana haki ya kumuuliza kwanza mwenye timu yake mgawo huo unakwenda wapi, kabla ya kumuuliza wa Los Angeles kwa nini anatumia wa kwake. Pesa nyingi pia hazihakikishi kombe: New York Mets ya mwaka 2023 ilikuwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote iliyowahi kuwapo hadi wakati huo, na haikufika hata hatua ya mtoano.

Usisahau pia kwamba mchezaji wa kawaida hana uhuru wa kuchagua timu mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Ni pesa nyingi kwa yeyote kati yetu, lakini wachezaji wengi huachwa kabla ya kufika mwaka huo wa sita, na kwa sababu hiyo chama chao kinaona kwamba ukomo ungewapunguzia wachache wanaofanikiwa bila kuwaongezea wale wengine. Mkataba wa sasa ulifikiwa Machi 2022, baada ya wenye timu kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99, na muda wake umewekwa kuisha tarehe 1 Desemba 2026.