Jino Lililotobolewa: Hirizi au Pambo?

Swali: Shikamoo Bibi. Nimesikia huko Siberia limepatikana jino la mnyama lenye tundu, wanasema ni hirizi ya mwanamke wa Zama za Mawe. Huyo mwanamke wamemjuaje? Na kama lilikuwa pambo tu?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Mwanamke ana ushahidi. Hirizi ni makisio.

Jino hilo ni la wapiti, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na lilifukuliwa katika pango la Denisova, Urusi. Jino lina vitundu vidogo mno. Jasho na seli za ngozi ya anayelishika hupenya humo. Wataalamu wa Taasisi ya Max Planck, Leipzig, hawakulikwangua hata kidogo. Walilitia katika maji yenye fosfeti, aina ya chumvi, wakapandisha joto taratibu hadi nyuzi 90, DNA, yaani chembe za urithi, ikatoka yenyewe. Mwaka 2023 wakatangaza: kuna ya wapiti, na kuna ya mwanamke aliyeishi kati ya miaka 19,000 na 25,000 iliyopita. Bahati nzuri waliolifukua walivaa glovu na barakoa, la sivyo tungesimuliwa habari za wafukuaji! Ila DNA haisemi kama alilivaa au alilitoboa tu.

Sasa hirizi. Huko Krapina, Kroatia, zilipatikana kucha 8 za tai, za miaka 130,000 hivi, enzi za Neandathali, binadamu wa kale waliokwisha toweka. Hazina tundu, ila zina alama za kukatwa na zimelainika kwa kusuguana. Zilivaliwa, hilo nakubali. Za kinga? Kucha haisemi. Na Ufaransa, pale Saint-Germain-la-Rivière, mwanamke kijana alizikwa na meno kama 70 ya kulungu, wakati ambapo kulungu walikuwa adimu sehemu hizo. Hapo mimi naona ukwasi kuliko kinga.

Tena kumbuka, mfupa hudumu, ngozi na uzi huoza. Hirizi zetu za pwani, karatasi iliyoshonewa ndani ya ngozi, zikizikwa ardhini hazikawii kuisha. Huenda kinga ya mwanamke yule ilikuwa unyoya au kifurushi cha mizizi, nalo jino likaning'inia pembeni.

Hata hivyo, mbona unanilazimisha nichague? Mtoto wa kwetu anayevishwa shanga nyeusi mkononi, mama yake humkingia kijicho, na shangazi husema, "Kapendeza!"