Yangeyange wangu mbona wanatoka kama karatasi?

SWALI: Hujambo, mzee wa kamera? Nimenunua kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300, na kila Jumamosi nashuka Dunga kuwapiga picha ndege wa kando ya ziwa. Nikifika nyumbani nakuta yangeyange ni weupe mtupu, hata manyoya hayaonekani. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp wengine wanaandika "moto!", wengine kimya. Juzi mpiga picha mmoja wa harusi aliniambia niuze kamera ninunue cherehani. Nimekutumia picha tatu. Niambie ukweli.
Dada wa Nyalenda, Kisumu

JIBU: Dada, cherehani iache kwanza.

Picha ya kwanza imeungua, yaani mwanga umezidi hadi weupe umemeza manyoya. Kamera haijui kwamba yangeyange ni mweupe. Imeona maji meusi yamejaa fremu, ikadhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na aliyeumia ni ndege. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ushushe hadi -1, kisha washa lile onyo linalofanya sehemu zilizoungua zipepese kwenye skrini. Zikiendelea kupepesa, shusha tena kidogo. Maji yatakuwa meusi zaidi; yaache.

Halafu saa. Faili inasema ulipiga saa tano na dakika arobaini. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua linapanda wima, na kufikia saa tatu mwanga umeshakuwa mkali. Fika saa kumi na mbili na nusu. Uzuri wa Dunga ni kwamba asubuhi ukitazama ziwani jua liko mgongoni mwako.

Ya pili umeipiga ukiwa umesimama, ukamtazama ndege kwa juu, akaonekana kama kuku aliyepotea. Lenzi ishuke hadi usawa wa jicho lake. Lakini usiende kulala matopeni peke yako, kuna viboko pale! Ongea na mwenye mashua, ukae chini ndani yake. Mimi huku Nakuru, hifadhini hatushuki garini ovyo, kwa hiyo naegemeza lenzi dirishani juu ya mfuko wa maharagwe wa kilo mbili. Mke wangu aliwahi kuyapika.

Sasa ya tatu. Hii nimeitazama mara nyingi. Yule ni yangeyange mdogo, miguu myeusi na vidole vya njano, na umemkuta akifanya kile hasa anachokifanya: anatikisa mguu majini ili samaki washtuke watoke mafichoni. Umeona jambo. Ila ncha ya mdomo umeikata, na mguu umefifia kwa sababu kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, ilikuwa 1/250 ya sekunde. Anza na 1/1000, na akianza kurukia samaki panda hadi 1/2000, hata ikibidi kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Chengachenga kidogo zinazoletwa na ISO naweza kuzivumilia, mguu uliofifia siwezi.

Katika kikundi chenu hakuna aliyeutaja mguu huo. Siwalaumu, uliwauliza "mnaonaje?" wakakujibu kirafiki. Mimi niliwahi kukaa wiki mbili nikijivunia picha ya heroe, nikamwonyesha mama anayeniuzia mahindi ya kuchoma. Sikumuuliza kama ni nzuri. Nilimuuliza ameona nini kwanza. Akasema, "Hiyo chupa." Kweli, nyuma ya ndege kulikuwa na chupa ya plastiki, na mimi sikuwa nimeiona kabisa.

Kwa hiyo tuma picha moja, kwa mtu mmoja, na swali moja: jicho lako limeenda wapi kwanza? Waonyeshe pia wavuvi wa Dunga. Wanawaona ndege hao kila siku, watajua kama umemkamata akiwinda au akijiandaa kukukimbia.

Yule wa harusi usimjibu. Nitumie tena yule wa vidole vya njano, safari hii na mdomo wote.