Maswali ya wasomaji: Reli ya mjini, hesabu na siasa

Swali: Kila mradi wa treni ya mjini hutangazwa kuwa "una tija". Hiyo tija hupimwaje? — Mlipakodi

Hupimwa kwa kugawanya: juu gharama ya mwaka, chini safari za mwaka. Chukua mradi wa mfano wa dola bilioni 1. Gharama ya ujenzi haibebeshwi mwaka mmoja. Husambazwa kwa miaka ya matumizi pamoja na riba, mfano wa marejesho ya mkopo. Kwa miaka 30 na riba ya asilimia 5 inatoka dola milioni 65 kwa mwaka. Ongeza milioni 25 za umeme, mishahara na vipuri, unapata milioni 90. Zikiwa safari 60,000 kwa siku, siku 300, hizo ni safari milioni 18. Kila safari imegharimu dola 5.

Sasa angalia inapoguswa hesabu hiyo. Shusha riba hadi asilimia 2, safari ileile inasomeka dola 3.87, wala hakuna aliyechimba shimo kwa bei nafuu zaidi. Au uliza ni safari ngapi mpya. Kama 40,000 kati ya zile 60,000 zilikuwa tayari zinafanywa kwa basi njia hiyohiyo, kila safari mpya imegharimu dola 15. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila wanahabari hupewa moja.

Zaidi ya hayo kuna makadirio yenyewe. Bent Flyvbjerg, mtafiti wa miradi mikubwa kutoka Denmark, na wenzake walipitia miradi ya reli ya nchi mbalimbali wakakuta gharama zilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 45 hivi, na abiria walikuwa pungufu kwa nusu ya waliotabiriwa. Tia kasoro hizo mbili kwenye mfano wetu: dola 5 inakuwa dola 13. Si kwamba wakadiriaji hawajui kazi. Mji unaoomba fungu la serikali kuu unashindana na miji mingine, na mwamba ngoma huvutia kwake. Anayeleta makadirio ya kweli hukosa fungu. Anayeleta ya kupamba hukata utepe, na deni likianza kuuma yeye hayupo ofisini.

Swali: Basi si bora wanasiasa wakae pembeni, miradi ichaguliwe kwa alama tu?

Alama nazo zimetungwa na watu. Marekani, katika miaka ya 2000, ruzuku ya serikali kuu ilitegemea sana kipimo cha gharama kwa kila saa iliyookolewa kwa abiria. Kwenye reli nyepesi (treni ndogo za umeme, aghalabu zinazopita juu ya barabara) ya kuunganisha Minneapolis na Saint Paul, vituo vitatu vya Western, Victoria na Hamline vilifutwa kwenye mpango ili mradi uvuke alama. Vilikuwa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, wengi wakitegemea basi. Hesabu ilikuwa wazi: kila kituo kinaongeza gharama, na kila treni inaposimama hapo, waliomo ndani wanaopoteza sekunde ni wengi. Anayepandia hapo kwenda karibu anaokoa dakika mbili tatu tu. Kwa hiyo kanuni ikasema kirukwe. Wakazi hawakukubali. Mwaka 2010 serikali kuu ilitangaza kwamba kipimo hicho hakitaamua peke yake, na treni zilipoanza 2014 vituo vyote vitatu vilikuwepo. Hapo siasa ndiyo iliyosahihisha hesabu.

Lakini tazama Scarborough, mjini Toronto, Kanada. Mkataba wa reli nyepesi ya vituo 7, kwa pesa za serikali ya jimbo, ulikuwa umeshatiwa saini. Mwaka 2013 baraza la jiji likaamua kwamba badala yake lijengwe handaki la metro, yaani treni ya chini ya ardhi, lenye vituo 3. "Metro" lilikuwa neno lenye kura. Mwaka 2016 gharama ikaukata mradi hadi kituo 1, na 2019 serikali ya jimbo ikarudisha 3. Kila zamu hiyo inadai michoro mipya na upimaji mpya wa udongo. Treni ya zamani, iliyokuwa ikingoja mrithi, iliacha reli Julai 2023 ikafungwa kabisa. Abiria wakahamishiwa kwenye mabasi.

Swali: Kwa nini handaki huwa ghali mji mmoja kuliko mwingine, na mashine za kuchimba ni zilezile?

Kwa sababu pesa nyingi huzama kwenye stesheni. Awamu ya kwanza ya njia ya metro ya Second Avenue, New York, iliyofunguliwa 1 Januari 2017, ilimeza takriban dola bilioni 4.5 kwa stesheni mpya 3. Mashimo ya stesheni hizo ni marefu kuliko majukwaa kwa kiasi kikubwa mno, kwa kuwa kila idara ilidai vyumba vyake chini ya ardhi. MetroSur, njia ya metro ya kusini mwa Madrid, ina kilomita 40 na stesheni 28, ikajengwa kati ya 1999 na 2003. Huo ni muhula mmoja wa uchaguzi, kwa hiyo siasa ilikuwepo tele! Tofauti ni kwamba palikuwa na kikosi kidogo cha wahandisi wa serikali wenye mamlaka ya kuamua papo hapo, stesheni za ramani zinazofanana, na mashine kadhaa zikichimba kwa wakati mmoja.

Kubana matumizi nako kuna mahali pake. Canada Line, njia ya treni ya Vancouver (2009), ilipewa majukwaa ya mita 40 hadi 50 tu. Abiria wakapita makadirio mapema, na sasa huwezi kuunganisha mabehewa mengi zaidi. Ukibana, bana vyumba vya mafundi na mapambo. Jukwaa liache.

Swali: Nina ripoti ya upembuzi yakinifu, kurasa mia kadhaa, na mkutano wa maoni ni kesho. Nianzie wapi?

Ruka picha za treni. Fungua jedwali la mibadala uone basi lenye njia yake limelinganishwa vipi. Ujanja wa kawaida ni kuweka treni kila dakika 5 na basi kila dakika 15, kisha kushangaa kwamba basi limeshindwa. Pili, tafuta bei ni za mwaka gani, na akiba ya dharura ni kiasi gani. Michoro ikiwa bado ya awali, asilimia 10 haitoshi kitu, 30 inaeleweka. Tatu, karakana. Ikiandikwa "awamu ya pili", treni za awamu ya kwanza hazina pa kutengenezewa. Palepale angalia nani analipa vipuri: reli nyepesi ya Addis Ababa ilianza 2015 na treni 41, baadaye sehemu kubwa ikaegeshwa kwa kukosa vipuri.

Mwisho, chukua kalamu uchore njia kwenye ramani ya kawaida. Kila kona isiyofuata makazi, ajira wala mwinuko wa ardhi, uliza kesho ni ya kwenda kwa nani.