Kabla hujamtupa paka sokoni, mtazame anavyokojoa

Dada mmoja wa Dodoma kaniandikia wiki hii. Ana paka dume aliyekuwa mstaarabu miaka yote, haja zake anamalizia nje. Ghafla kaanza kukojoa kwenye beseni la nguo chafu, mara juu ya zulia, mara bafuni. Mumewe kasema huyo kashakuwa jeuri, Jumamosi anatiwa kwenye kiroba akatupwe sokoni akale panya na wenzake. Dada anauliza: "Nimtie adabu vipi kabla ya Jumamosi?"

Nilimjibu usiku uleule kwa kifupi: usimtie adabu, mtazame. Hapa nampa jibu refu, maana najua hayuko peke yake, na maana mtu akitaja neno "jeuri" kwa paka mimi damu huchemka.

Paka hakojoi kwenye beseni ili akukomoe. Hesabu hizo hana. Dume akibadilisha mahali pa kukojoa bila sababu unayoijua, weka fimbo chini, mfuate nyumanyuma uangalie: mkojo unatoka? Unatoka kiasi gani? Una rangi gani?

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga vyumba viwili Tandika, Dar es Salaam, nyumba ya wapangaji wengi, uwani kila mtu na jiko lake. Paka wangu anaitwa Bwana Afya. Jina kapewa na watoto wa uwani, kwa sababu hakuna sufuria inayofunuliwa yeye asiikague. Ni mweusi tii. Aliyewahi kufuga paka mweusi uswahilini anajua shughuli yake: mtoto wa jirani akichemka homa usiku, asubuhi salamu zinapungua. Nimesemwa mpaka nimezoea.

Ilikuwa msimu wa sare za shule, ule wa Desemba na Januari ambao fundi hali wala halali, na chumba kilikuwa kimejaa wateja na mafurushi. Bwana Afya akaanza kuchuchumaa ovyo. Wapangaji wenzangu wakasema ana wivu. Mimi niliacha cherehani nikakaa naye chini. Akaingia kwenye beseni lake la mchanga, akachuchumaa, mkia umenyooka na ncha yake inatetemeka, akakaa hivyo muda mrefu kisha akatoka. Nikafukua mchanga kwa kijiko: mkavu. Akaenda kona ya mlango, akachuchumaa tena, na pale kwenye saruji kikabaki kitone kimoja chenye wekundu. Kisha akawa anajilamba kule chini bila kupumzika, na akalia kwa sauti nzito ya kooni ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilipompapasa tumbo upande wa nyuma, karibu na mapaja, nikakuta kitu cha mviringo, kigumu kama limau. Akageuka kutaka kuniuma, yeye ambaye watoto wakimvuta mkia huinuka tu akaenda zake.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja kasema kala sumu ya panya, mwache afe. Mwingine, kwa nia njema kabisa, kaniletea Panadol nimvunjie nusu. Nikamshukuru nikaiweka mbali, na hili nalisema kwa herufi kubwa, liwekeni kichwani: paka hapewi Panadol, hata robo. Ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo kama letu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka za kahawia, uso unavimba, na kidonge kimoja tu kinatosha kumuua. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zisimsogelee.

Nilikwenda kwenye duka moja la dawa za mifugo. Kijana wa pale alicheka mbele ya wateja. "Paka? Si uchukue mwingine, mama, wako bure." Kisha akataka kuniuzia chupa ya sindano ya ng'ombe, nikachome mwenyewe. Miaka imepita, kile kicheko bado nakisikia. Mtu anauza dawa za wanyama na hajui kwamba dume asiyepata mkojo ana saa za kuhesabu! Bahati yangu mteja wangu mmoja mwenye mbwa alikuwa na namba ya daktari wa mifugo, nikampigia, akanisikiliza kidogo tu akasema mlete sasa hivi, usingoje asubuhi.

Ya njiani nayaruka. Daktari alimlaza usingizi, akapitisha mpira mwembamba sana kwenye njia ya mkojo, akasukuma maji kuzibua. Ukatoka mkojo wa damudamu wenye chengachenga. Akawekewa dripu, akalala hukohuko. Hela niliyolipa nilikuwa nimeidunduliza ya kununulia cherehani ya ovaloki. Wifi yangu mpaka leo, tukikutana kwenye shughuli, lazima aulize mbele za watu: "Ovaloki yako haijambo?" Watu wanacheka. Nami nacheka. Lakini Bwana Afya sasa ni mzee wa uwani, kawazika paka wote wa mtaa waliokuwa na afya kumshinda, na mimi sina deni na mtu.

Daktari alinieleza, nami nawaeleza. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno kuliko ya jike. Mkojo ukiwa mzito, chengachenga na ute vinashikana vinaziba. Mkojo ukirudi nyuma, figo zinasimama kazi, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unazima. Siku moja mpaka mbili au tatu hivi, biashara imekwisha. Ndiyo maana hakuna "tumwangalie mpaka kesho". Akichuchumaa mara kwa mara na mchanga ukabaki mkavu, au akaanza kutapika na kulegea juu ya hayo, mtafute daktari hata kama ni usiku. Jike naye huugua kibofu, ila kuziba kabisa ni nadra.

Na mkojo unakuwa mzito kwa nini? Maji. Paka wa nyumbani katokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame, aliyezoea kupata maji yake ndani ya windo. Kiu yake ni ndogo. Chakula kikavu cha dukani, zile punje, maji yake ni kama asilimia 10 tu; nyama na samaki zaidi ya nusu ni maji. Sasa unamjaza punje asubuhi na jioni, halafu bakuli la maji limekaa juani lina mende. Anywe nini?

Tangu siku ile Bwana Afya hali kikavu kitupu. Namchemshia samaki au kuku, namwachia na maji yake ya kuchemshia, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu vinaua damu ya paka. Maji nimeweka sehemu zaidi ya moja, mbali na chakula, mbali na mchanga. Mtungini ndiko anakopenda zaidi, basi nimemwachia kibakuli chini ya mtungi. Ukimpa punje, ziloweshe.

Wahenga walishasema, paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Kuna virutubisho ambavyo mwili wa paka haujitengenezei vya kutosha, kimojawapo kinaitwa taurini, na kinapatikana kwenye nyama na samaki. Akikosa kwa muda mrefu macho yanapofuka na moyo unatanuka. Kwa hiyo paka wa ugali uliopakwa mchuzi, ambaye mwenyewe hana muda wa kukamata panya, anakufa polepole huku mmesema "mbona anakula". Si lazima utajirike. Mioyo ya kuku ni bei ya chini na taurini imejaa. Firigisi sawa. Dagaa sawa, ukiwaosha chumvi na kuwachemsha. Samaki mbichi asiyepikwa, kila siku hapana, humaliza vitamini B1 mwilini. Maini kidogo, si kila siku. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha. Maziwa ya ng'ombe tunayowapa kwa mapenzi wengi yanawaharisha wakishakua.

Turudi kwenye mkojo, maana najua mtaniuliza: mbona wangu anakojoa vizuri tu, ila anakojolea ukuta? Huyo ni mwingine. Angalia mkao. Anayechuchumaa anajisaidia au anaumwa. Anayesimama, akageuza mgongo ukutani, akainua mkia ukatetemeka na kurusha kidogo, huyo anaweka mipaka, anawaambia paka shume wa nje kwamba hapa pana mwenyewe. Dawa yake ni kuhasiwa, na mapema, kuanzia miezi mitano au sita, kabla hajaizoea tabia. Wengi huacha. Jike naye afungwe kizazi umri huohuo. Mimba ya paka ni wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Wanaotupa vitoto sokoni kila baada ya miezi michache, halafu Jumapili wanatuma picha za paka wenye maua, mimi siwaelewi, na sitajifanya nawaelewa.

Fimbo haisaidii popote kati ya hapo. Ukimpiga, ataunganisha kipigo na wewe, si na beseni. Atakachojifunza ni kukojoa ukiwa umelala.

Mchanga nao uangalie. Wengi wanalalamika paka haendi kwenye mchanga wake, ukienda unakuta haujabadilishwa tangu mwezi mwandamo. Wewe ungeingia? Mchanga mkavu wa kujengea unafaa, maranda ya seremala yanafaa, alimradi uzoe kila siku na beseni liwe pana. Ukiwa na paka zaidi ya mmoja kila mmoja awe na lake, na moja la ziada. Kuzoa kila siku ndiko kunakokupa habari pia: leo kakojoa mara ngapi, madonge ya mchanga ulioloa ni makubwa au madogo, kinyesi kina minyoo? Tazama mchanga. Nitalirudia mpaka mnichoke.

Wajawazito mnatishwa sana kuhusu paka. Vimelea vya toksoplasma vipo kweli, ila vikitoka na kinyesi vinahitaji siku moja au zaidi ndipo viweze kuambukiza. Mtu mwingine azoe mchanga kila siku, wewe nawa mikono, osha mboga, na nyama iive. Hakuna haja ya kiroba. Na kwa wale waume wa upande wetu wanaosema paka ni najisi, waulizeni masheikh kuhusu Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Mimi siongezi neno.

Kwa mafundi wenzangu: uzi. Ulimi wa paka una miiba iliyoelekea nyuma, uzi ukishaingia hauna njia ya kurudi, unakwenda mbele tu, na utumbo unajikunja juu yake na kukatika. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, mpeleke. Mimi vipande vyote vya uzi vinaingia kwenye kopo lenye kifuniko kabla sijainuka kitini. Kwa ajili ya kucha zake nimemfungia kamba ya katani kwenye mguu wa meza ya kukatia, anaiparura hiyo, vitambaa vya wateja salama.

Viroboto: unga na dawa za mbwa zenye permethrini ni sumu kwa paka, anatetemeka mpaka anakufa. Soma kopo. Chanjo ya kichaa cha mbwa paka naye anachanjwa, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kupambana na ugonjwa huo duniani, baadhi ya halmashauri huchanja bure, ulizia kwa ofisa mifugo wako. Vitoto huanza chanjo nyingine kwenye wiki ya nane hivi. Akigoma kula siku mbili mfululizo, hasa akiwa mnene, usimsubiri apate hamu, ini lake linajaa mafuta. Walioko Morogoro wana bahati, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama. Sisi wengine tutafute namba ya daktari wa mifugo leo, wakati paka mzima, tuihifadhi kwenye simu.

Na siku ya kwenda, usimbebe mikononi. Tafuta tenga la kuku lenye mfuniko, liache wazi chumbani siku kadhaa kabla, umtilie chakula humohumo alizoee, siku yenyewe ulifunike kanga apate giza. Nilishaona paka akiruka kutoka kwenye bajaji kwenye foleni ya Mbagala, mama wa watu kabaki na kanga mkononi, na dereva anataka hela yake.