Kutu, Kabureta na Nyie Msiofungua Tangi: Maswali Yenu

Safari hii maswali ni mengi lakini ukiyachuja yanabaki manane hivi, mengine yote ni yaleyale ya juzi yamebadilishwa shati. Twende.

Nimepata injini ya zamani ya petroli, imekaa nje miaka, vyuma vyote vimeshika kutu. Nitumie siki, asidi ya betri au msasa?

Asidi ya betri acha kabisa. Najua kuna mtu kakwambia inang'arisha ndani ya dakika chache, na ni kweli, shida ikishamaliza kutu inaendelea na chuma chenyewe na haikuombi ruhusa. Siki ya jikoni inatosha. Ila kwanza osha grisi na oili yote kwa mafuta ya taa halafu sabuni, maana siki haipenyi kwenye grisi, na wengi wanaoniandikia "siki yako haifanyi kazi" wameloweka chuma kikiwa bado na tope la oili nene kama ugali. Loweka usiku mzima, asubuhi sugua na brashi ya waya, kama bado rudisha.

Sasa kutoa kutu ni nusu ya kazi. Ukishatoa chuma kwenye siki kiko uchi, hakina oili wala rangi wala chochote cha kukikinga. Suuza na maji yenye magadi ili asidi ife, kausha hapohapo, paka oili hapohapo. Nikisema hapohapo namaanisha kabla hujaenda kula. Mimi niliwahi kutoa gia kwenye ndoo, safi, kijivu, ukiiangalia unafurahi, nikaiweka mezani ikiwa na maji nikaenda kupokea simu, maneno mawili matatu, kurudi nakuta kati ya meno pameshaanza rangi ya chungwa. Nikarudia kazi yote.

Msasa usipeleke kwenye sehemu zilizochongwa kwa kipimo: shingo za krankishafti (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), viti vya valvu, ukuta wa silinda. Unaona unatoa kutu kumbe unatoa chuma. Na springi za valvu usiziloweke kwenye asidi yoyote hata siki, springi ngumu ikikaa kwenye asidi inaingiwa na haidrojeni inakuwa kavu kama kuni, inakuja kukatika injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa na hapo valvu inakutana na pistoni. Springi yenye vishimo vya kutu ni ya kutupa.

Kwa wale wenye chaja ya betri, njia ya umeme ni nzuri zaidi kwa vyuma vikubwa: ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 hivi. Waya wa hasi kwenye kitu chako, wa chanya kwenye chuma chakavu, visigusane. Ukigeuza nyaya kitu chako ndicho kinaliwa, usije kunililia. Chuma chakavu kisiwe steinlesi kwa sababu kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji, na kazi yote ifanyike nje maana vile viputo ni haidrojeni na inawaka. Chaja hizi za kisasa zenye akili nyingi zinaweza kukataa kutoa umeme kwa sababu hazioni betri, ile chaja ya kizamani nzito ndiyo yenyewe. Na kitu cha aluminiamu kisiingie humo hata kidogo.

Kabureta nayo niiloweke kwenye siki?

Hapana. Kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) nyingi bodi yake ni ya zinki au aluminiamu, hiyo haishiki kutu ya nyekundu, kwa hiyo ule wekundu unaouona ndani umetoka kwingine (soma jibu linalofuata, tafadhali, soma). Ukiiacha kwenye siki usiku kucha asubuhi unaitoa nyeusi ina vinyweleo. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya pampu. Na jeti, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha mafuta, usizichokonoe na waya wa chuma, ile ni shaba laini na tundu lake ndilo kipimo, ukilipanua kidogo tu ushabadilisha injini nzima inavyokula mafuta.

Nimebadilisha kabureta mara mbili, zote mpya, inawaka vizuri wiki moja halafu inaanza kukohoa na kuzima. Nijaribu ya kampuni gani?

Ndilo hili. Kila safari ndilo hili. Ndugu yangu, umefungua tangi ukaangalia ndani? Sijauliza kama lina mafuta, nimeuliza umechukua tochi ukaangalia ndani?

Fanya hivi kabla hujatoa hela tena. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, injini ikiwa baridi, kinga na chupa inayoonyesha ndani, fungua koki, acha ijae. Iache itulie nusu saa. Ukiona chini pametuama unga mwekundu kama kahawa, basi kabureta zako zote mbili hazikuwa na kosa. Unga ule unapita, unakaa kwenye bakuli la floti (kile kiboya), chembe moja inabana kwenye nidle (sindano inayofunga mafuta) isifunge na kabureta inafurika, nyingine inaziba jeti ndogo ya sailensa (injini ikinguruma polepole bila kukanyagwa, siyo bomba la moshi), inazima. Mpya wiki ya kwanza inafanya vizuri kwa sababu bado haijalishwa uchafu. Nimefungua bakuli la kabureta ya wiki tatu nikakuta tope linashika kidole.

Na wakati unakinga, angalia mafuta yanavyotoka. Yakianza kwa nguvu halafu yakafifia, fungua kifuniko cha tangi. Yakirudi kwa nguvu, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba na hukuhitaji kabureta hata moja.

Tangi likiwa na kutu, lishushe, tia siki na mnyororo mdogo au nati, tikisa, loweka, tikisa tena, mwaga, suuza na maji ya magadi, kausha mpaka likauke kweli, halafu tia petroli lisikae tupu. Hesabu nati zinazoingia na zinazotoka. Badilisha mpira, weka filta. Jambo lingine ambalo hukuuliza: kama kabureta ilifurika, chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli mwaga oili yote kabla hujawasha, oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Injini yangu ni ya dizeli, kabureta yake inakaa wapi?

Haina.

Pistoni imegandia kwenye silinda, fundi anataka kuipiga na nyundo. Sawa?

Mnyang'anye nyundo. Toa plagi, mimina mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mbali na moto, uache siku kadhaa, kila siku jaribu kuzungusha kwa spana kwenye nati ya krankishafti, kidogo mbele kidogo nyuma. Siku ya tano ndiyo watu wanakata tamaa na siku ya sita ndiyo inacheza. Ukipiga nyundo unavunja ringi au unatoboa pistoni, halafu kutu bado ipo.

Kabureta mpya ina skrubu mbili, nizungushe ipi?

Moja inasukuma slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka kufungulia hewa), hiyo ni ya sailensa. Nyingine ni ya mchanganyiko: ifunge taratibu mpaka iguse, USIKAZE, ncha yake inaharibika, kisha irudishe nje mzunguko mmoja na nusu, anzia hapo. Ikiwa iko upande wa filta ni ya hewa, ukiifungua mafuta yanapungua. Ikiwa upande wa injini ni ya mafuta, ukiifungua yanaongezeka. Rekebisha injini ikiwa imepata moto, siyo ikiwa na choki. Ukiigusa na hakuna kinachobadilika, jeti ya sailensa imeziba au kuna mahali inavuta hewa. Baadaye soma plagi: nyeusi yenye masizi mafuta mengi, nyeupe machache, kahawia iache.

Nikifunga kabureta kubwa zaidi nitapata nguvu?

Utapata harufu ya petroli. Koo likiwa pana kuliko injini inavyovuta, hewa inapita polepole na mafuta hayanyanyuki vizuri, ukikanyaga inakwama.

Gasketi ya kabureta imechanika, nipake silikoni?

Petroli inailainisha silikoni ya kawaida, inavimba, inamenyuka vipande, na vipande vinaenda kulekule kwenye jeti. Kata gasketi ya karatasi kwa mkasi ukifuata ile ya zamani. Na kile kipande kinene cha plastiki kati ya kabureta na injini kirudishe, siyo pambo, kinazuia joto lisichemshe mafuta. Wiki iliyopita nimeletewa injini "mbovu" na kipande hicho kilikuwa mfukoni mwa mwenyewe, anadhani kimezidi.