Barakoa ndogo ya ambu

Wadogo zangu mnaoanza kazi leba, karibuni sana.

Nikiwa na mwaka mmoja tu kazini, usiku mmoja mtoto alizaliwa amelegea, kimya. Nikamfuta, nikamsugua mgongo, wapi. Ambu, ule mfuko wa kuminya kumpulizia hewa asiyepumua, ilikuwa mezani, lakini barakoa yake ndogo, ile ya mtoto mchanga, ilikuwa bado imelowekwa kwenye klorini chumba cha pili. Nikakimbia kuifuata. Niliporudi nikiisuuza na kuifuta, mama aliinua kichwa akaniuliza, "Sista, mbona halii?" Sikuwa na jibu. Mtoto alilia baadaye, tunamshukuru Mungu, lakini ile dakika ya kwanza, ambayo asiyepumua anatakiwa awe ameshaanza kupuliziwa hewa, niliimalizia njiani.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimezoea salama. Watoto wengi hulia wenyewe, na kila zamu iliyopita kwa amani ilinizidishia kuamini kwamba hata ijayo itapita hivyohivyo. Mazoea haya yanawashika hata wenye uzoefu, tena wao zaidi.

Wengine mtawasikia wakisema, "Usijitabirie mabaya," ukianza kupanga trei ya dharura mama akiwa bado anatembeatembea na uchungu. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mtazameni huyo mama: kanga zake, pamba na nguo za mtoto amezikunja kwenye kikapu tangu mwezi uliopita. Amejiandaa kwa sababu anampenda anayekuja. Kwa nini sisi tuone trei ni mkosi?

Halafu dharura ikifika, mikono hutetemeka. Kama hujui kanula, kile kimrija cha kuingiza kwenye mshipa, iko wapi, hutakumbuka damu ikiwa inamwagika. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi, iwe kwenye friji, na ufunguo wa kabati usiende nyumbani mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo ukiingia zamu, kabla ya chai, ishike ambu. Bana barakoa kwenye kiganja chako ukiminya: usikie hewa inakusukuma mkono, pembeni isivuje. Angalia ukubwa zote mbili za barakoa zipo, ya mtoto aliyetimiza miezi na ya njiti. Kitu kikikosekana, kiulizie palepale, mwenzako anayekukabidhi zamu akiwa bado hajavua sare.