Barua imesema bomba lako ni la risasi: usichemshe, soma hapa kwanza

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umepanga nyumba ya zamani katika mji mdogo wa Illinois, una watoto wawili, na watu wa maji wamekuletea barua kwamba bomba linaloingiza maji nyumbani kwako ni la risasi, yaani ile metali ambayo Kiingereza huiita "lead". Unauliza kama kuchemsha kunatosha, kama watoto wapimwe, na kama uhame. Waliokujibu hapo juu karibu wote wamesema "chemsha tu, sisi tumekua kwa maji ya kuchemsha". Naomba niwapinge bila ugomvi, maana mimi nilichemsha miezi minane nikiamini nalinda familia.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kwetu ukisema maji si salama, kila mtu anaelewa ni kipindupindu, taifodi, kuhara. Mama yangu alikuwa na sufuria ya maji ya kunywa tu, ole wako uichovye mwiko. Yakichemka, vijidudu vimekufa, yakipoa yanaingia mtungini. Kwa ugonjwa ule, mama alikuwa sahihi kabisa. Lakini risasi ni madini, haina uhai wa kuupoteza motoni. Ukichemsha lita tano zikabaki nne na nusu, kilichopaa ni maji. Risasi yote imebaki ndani ya sufuria, tena sasa iko kwenye maji machache zaidi.

Nilijuaje? Mwaka 2022 mwanangu wa pili alitimiza mwaka mmoja. Watoto wenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hutakiwa kupimwa risasi kwenye damu wakiwa na miezi 12, na tena miezi 24. Akatobolewa kidole, kisha wakarudia kwa damu ya mshipa kwa sababu kidole kikiwa na vumbi majibu hupanda. Yakatoka 7. Kliniki ikampigia mke wangu kupitia mkalimani wa simu, na yule mkalimani, Mungu ambariki, akatafsiri neno kwa neno: "Mtoto wenu ana risasi kwenye damu." Mke wangu alikaa chini sakafuni. Akauliza, "Kapigwa lini?" Nilikuwa nimelala baada ya zamu ya usiku, nikaamshwa kwa kelele, nikamvua mtoto nguo zote nikitafuta tundu.

Sasa tunacheka. Lakini ndiyo shida ya neno lenyewe: sisi risasi tunaijua ya bunduki, na wavuvi wetu wanaijua ile inayozamisha mshipi. Ya kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Jirani yetu Mkongo yeye akisikia "plomb", jina lake la Kifaransa, anaelewa haraka kuliko sisi.

Ile 7 ni mikrogramu kwa desilita moja ya damu. Tangu 2021 CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, wanatumia 3.5 kama mahali pa kuanza kufuatilia mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Dawa za kuitoa mwilini huanza kufikiriwa kwenye 45, kwa hiyo usitarajie kupewa dawa. Utaulizwa inatoka wapi. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi. Ndiyo maana walitusisitizia maharage, nyama, mboga za majani na maziwa.

Nesi wa afya ya jamii alikuja nyumbani. Nilidhani ataenda moja kwa moja kwenye bomba. Akaanza na madirisha. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 nyingi zina rangi yenye risasi, na dirisha la kupandisha na kushusha husaga rangi ile kila siku ikawa vumbi. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Kisha akauliza mtoto anapakwa nini usoni. Mke wangu akaleta wanja wa manga aliotumiwa na bibi yake mtoto. Akauchukua kwa glavu! Wanja wa aina hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi. Bibi kule nyumbani hakufurahi kusikia, na hadi leo sidhani kama anaamini.

Halafu ndipo akauliza, "Maji ya kupikia mnachukua wapi?" Nikasema bombani, tena ya moto, ili ugali na uji wa mtoto viwahi kuchemka. Nimetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi nimechoka, kwa nini nisubiri maji baridi? Yule mama akaacha kuandika akanitazama. Maji ya moto huyeyusha risasi zaidi ya baridi. Kwa hiyo nilikuwa nachukua yale mabaya, nayachemsha yapungue, kisha nayanywesha unga, maana ugali haumwagi maji kama tambi. Kuoga hakuna shida, risasi ya majini haipiti kwenye ngozi. Shida ni kinachopita mdomoni.

Tukashuka chini ya nyumba. Hili ulifanye mwenyewe, dakika tano zinatosha. Tafuta mahali bomba linapotoboa ukuta au sakafu kuja kwenye mita. Chukua sarafu na sumaku. Kwangua kidogo, usitumie kisu. Likiwa jekundu kama senti, ni shaba. Sumaku ikinasa, ni chuma, hata kama kwa nje limepakwa zinki. Likiwa la kijivu, laini, ulipokwangua panang'aa kama fedha, na sumaku inateleza, hiyo ni risasi. Mara nyingi utaona pia kivimbe kama kitunguu karibu na koki ya kwanza, ndipo mafundi wa zamani walipounganisha. La kwangu lilikuwa na kivimbe hicho. Nawe uliyeandika hapo juu kwamba barua yako inasema "halijulikani", maana yake hawajaliona, hawajasema ni salama. Kwangua.

Watu wananiuliza serikali ilikuwa wapi. Risasi ilipendwa kwa sababu inapinda bila kukatika na hudumu. Chicago hapo jirani, sheria za mji zenyewe ziliamuru bomba la risasi kutoka barabarani hadi nyumbani, mpaka Marekani ilipokataza kuweka mapya mwaka 1986. Yaliyokuwa ardhini yakabaki. Maji hutoka mtamboni yakiwa safi, yanaokota risasi mita chache za mwisho. Mitambo mingi huongeza fosfeti ili utando ujengeke ndani ya bomba. Flint, Michigan, walipobadilisha chanzo cha maji Aprili 2014 bila kuweka kinga hiyo, maji ya mtoni yakaula ule utando, na watoto wakalipa. Hapo ndipo wengi wetu tulipolisikia jambo hili, tukadhani ni la Flint tu.

Sasa vipimo, maana hapa nilikosea. Nilipewa chupa za kupima bure. Maji yanatakiwa yatulie bombani angalau saa sita bila mtu kugusa chochote. Mara ya kwanza mwanangu mkubwa akaamka saa kumi usiku akaflashi choo, yale maji yaliyolala kwenye bomba la risasi yote yakaenda chooni, nami asubuhi nikajaza chupa za maji mapya. Majibu yakaja mazuri, nikafurahi bure. Nesi ndiye aliyeniuliza kama kuna aliyeamka. Mara ya pili nikafunga choo kwa utepe na kuwawekea ndoo. Lita ya kwanza ikatoka 4, lita ya tano ikatoka 19, kwa mikrogramu kwa lita. Kwa nini? Lita ya kwanza ni maji yaliyolala jikoni, kwenye mabomba ya shaba. Ya tano ndiyo yaliyolala chini, ndani ya ile risasi. Anayekupimia lita moja tu anaweza kukuambia uko salama huku mgonjwa yuko ghorofa ya chini.

Na usome barua yao vizuri. Ikisema mji uko "chini ya kiwango", kiwango hicho ni mikrogramu 15 kwa lita, na kinahesabiwa hivi: nyumba tisa kati ya kumi zilizopimwa zikiwa chini yake, mji umepita. Yako inaweza kuwa ile ya kumi. Kanuni ya serikali ya Marekani ya Oktoba 2024 inakishusha hadi 10, na imepangwa kuanza kutumika 2027. WHO, Shirika la Afya Duniani, nao wanasema 10. Maji ya chupa hapa hayaruhusiwi kuzidi 5. Lengo la afya lenyewe limeandikwa sifuri. Kwa hiyo kile cha 15 ni kengele ya kuiamsha kampuni ya maji, wewe usikitumie kuamua mwanao anywe nini.

Tulichofanya sisi: jioni ileile maji ya kunywa, kupikia na ya uji yakawa baridi tu, kupitia chujio. Chujio si lolote. Kwenye boksi tafuta namba 53 ya NSF/ANSI, alama ya viwango vya vichujio, na maneno yanayotaja risasi waziwazi, maana mengine yanaondoa harufu ya klorini tu. Usipitishe maji ya moto humo, na badilisha kichujio kwa tarehe, hata kama maji yanaonekana bado mazuri. Mtoto akinywa maziwa ya kopo, hili ni la kwanza kabisa, maana chakula chake chote ni yale maji. Asubuhi tulioga kwanza na kufua kabla ya kuchota ya jikoni, ili yaliyolala yatoke. Kile kiwavu kidogo kwenye mdomo wa bomba nilikifungua, nikakuta chembe kama mchanga. Nilikuwa sijawahi kujua kinafunguka.

Kiangazi cha 2023 bomba likabadilishwa. Hapa ushauri wangu ni mkali: wakisema watabadilisha upande wa barabara tu na kuacha wako, kataa kama unaweza. Kukata nusu hutikisa kilichobaki na risasi hupanda kwa muda. Libadilishwe lote. Baada ya kazi, fungua mabomba yote yatiririke kwa muda waliokuelekeza, na endelea na chujio miezi sita. Nyumba haikuwa yangu, kwa hiyo ilibidi mwenye nyumba asaini. Alisuasua wiki tatu. Nilichomshawishi nacho ni kwamba mji ndio uliokuwa unalipa. Maneno kuhusu mtoto hayakumgusa sana, la bure lilimgusa.

Alipofika miaka miwili mtoto alipimwa tena, 3. Ndugu zangu wanasema ni bomba. Mimi siwezi kuapa. Wakati huohuo tuliacha wanja, tukawa tunafuta kingo za madirisha kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi (usifagie kavu, unapeperusha), na nyama ya ini ikawa haikosekani. Ukitaka kujua kipi kilifanya kazi zaidi ungetakiwa ufanye kimoja kimoja, na mtoto si wa kumfanyia majaribio.

Kwa hiyo wanao wapeleke, wote wawili, wiki hii. Kama mlikuja kama wakimbizi, watoto hutakiwa kupimwa walipofika na tena miezi michache baadaye, uliza kama ile ya pili ilifanyika, kwa wengi husahaulika. Na mkalimani akisema risasi, keti kwanza. Kuhama, mimi nisingehama. Mji mdogo kama wetu nyumba za bei yetu zote ni za umri mmoja, utatoka kwenye bomba hili uingie kwenye lile, tena safari hii bila barua.

Kesho ukishuka na sarafu na sumaku, rudi hapa utuambie limeng'aa rangi gani. Ukipiga picha, ficha namba ya mita.